Damu Isiyopiga Kelele

Pingu zilikuwa za kweli.

Hilo ndilo lililomkera Lusia Tamapua kuliko yote. Katika kazi yake alishavaa pingu za bandia, zile unazobonyeza pembeni zikafunguka zenyewe. Hizi zilikuwa Smith & Wesson za chuma, zimembana hasa, na mnyororo wake ulifungwa kwenye bomba juu ya kichwa chake. Gari lilikuwa Ford Transit jeupe lililoandikwa ubavuni HUDUMA ZA HOSPITALI. Uongo mtupu. Gari lilikuwa linakimbia kusini kutoka Sydney kwenye barabara kuu ya Hume, na hospitali waliyoambiwa wanapelekwa ilikwisha kuachwa nyuma zamani.

"Mdiria, hapa Kiota." Sauti ilinong'ona ndani kabisa ya sikio lake, ikimwita kwa jina lake la siri. "Ukinisikia, kohoa."

Lusia akakohoa.

"Mko wawili humo?"

Akakohoa.

"Daktari yumo garini mwenu?"

Kimya.

"Yuko gari la mbele?"

Akakohoa.

"Sawa. Helikopta imeruka, lakini moshi wa moto wa nyika umeziba kila kitu. Hatuwaoni. Tunafuata mlio wa kiatu chako tu. Chonde, usikivue."

Kiatu kilikuwa Dunlop Volley cha turubai, kile wanachopewa wafungwa wote wa jimbo lile. Ndani ya soli ya mguu wa kushoto mafundi wa Ofisi, idara ya ujasusi aliyoitumikia, walichomeka kirusha mawimbi chembamba kama kadi ya simu. Ndani ya soli ya kulia kulikuwa na ufunguo wa pingu. Wataalamu hao! Walifikiria kila kitu isipokuwa kwamba mtu aliyening'inizwa mikono juu hawezi kufikia kiatu chake bila kucheza sarakasi mbele ya dereva.

"Dada Lu," alisema mwanamke aliyekaa mkabala naye. "Nakufa."

"Hufi. Tapika."

"Nimeshatapika."

"Tapika tena. Mfuko bado una nafasi."

Shae Brannock akatii. Alikuwa msichana wa mji wa Dubbo, kafungwa kwa kuiba magari ya watu, mimba yake ya miezi sita imemjaa mapajani kama mzigo wa sokoni. Macho yake yalikuwa ya njano. Ngozi yake ilikuwa ya njano. Hata kucha zake. Tangu wiki iliyopita hakuna chakula kilichokaa tumboni mwake, na mkojo wake, alivyosema mwenyewe, ulikuwa kama Coca-Cola.

Lusia hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Aliambukizwa siku ileile na Shae, kwa wino uleule, na alikuwa mzima kama chuma. Uchovu kidogo jioni, basi. Moyoni alijivunia jambo hilo, na nitalisema hapahapa kabla hatujafika mbali: alikosea kujivunia.

"Mtoto anacheza?" aliuliza.

"Anapiga mateke kama ana kesi na mimi." Shae alijifuta mdomo kwa bega. "Wananipeleka wapi, dada? Hospitali gani hii iko porini?"

"Mdogo wangu, nisikilize. Hakuna anayekupeleka popote. Mimi nipo."

"Na wewe umefungwa kama mimi!"

"Ndiyo. Lakini mimi nimefungwa kwa hiari yangu."

Shae alimtazama kwa yale macho ya njano, akaona huyu naye kisharukwa na akili.

*

Mambo yalianza hivi.

Katika gereza la wanawake la Wattle Ridge, magharibi ya Sydney, wafungwa walianza kugeuka njano. Si mmoja, si wawili. Makundi. Homa ya ini aina ya C si ngeni gerezani, lakini hii ilikuja kwa ratiba, kama basi. Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, kampuni moja isiyo na anwani ilianza kujinadi kwa wakubwa wa dawa kwamba ina damu ambayo hakuna mwingine anayo. Damu ya siku za mwanzo.

Ofisi ikanusa.

Maana siku za mwanzo ndizo vita vinapoamuliwa. Kirusi kikiingia, wa kwanza kukutana nacho ni askari wa doria wa damu, wale ambao mtu huzaliwa nao. Hao hawangoji kufundishwa. Wakiwahi kupiga kengele, mwili mzima huamka, na mtu mmoja kati ya wanne hivi hupona mwenyewe bila dawa yoyote. Wakisinzia, kirusi kinahamia kwenye ini na kujenga nyumba ya kudumu. Kwa nini huyu apone na yule asipone? Mwenye jibu atauza dawa dunia nzima. Na jibu limo kwenye damu ya wiki ambazo mgonjwa hata hajijui kuwa mgonjwa. Madaktari waungwana huomba ridhaa, hungoja, hutafuta miaka na mikaka.

Corwin Haddrell, daktari wa zahanati ya gereza, alichoka kungoja. Akaamua kuwatengeneza wagonjwa mwenyewe.

Lusia aliingizwa mle kama mwizi wa kadi za benki. Alifagia zahanati, alipika chai, alinyamaza. Na ilipofika zamu yake ya kuchorwa tatuu, alikaa kwenye kigoda kama wenzake, maana mwanamke anayekataa tatuu ya bloku ni polisi, na polisi hupatikana bafuni akiwa ameanguka vibaya.

Wanawake wa Wattle Ridge hawakuwa wajinga. Mashine yao ilikuwa mota ya Walkman na kalamu ya Bic, lakini sindano? Sindano waliikagua kama bibi harusi. Ilikuwa mpya, ndani ya pakiti, imefungwa. Dereva wa zahanati, Noel Stubbs, ndiye aliyewaletea kwa siri, nao walimwombea dua kwa wema wake.

Wote waliangalia sindano. Hakuna aliyeangalia wino.

Lusia naye hakuangalia. Ndege mdogo wa buluu alikwisha kukauka kwenye mkono wake siku alipofungua friji ya zahanati kutafuta maziwa ya chai, akakuta kichupa cha wino kimesimama wima kati ya chanjo. Alikitazama kwa muda mrefu. Wino gani unawekwa kwenye friji?

Wino uliochanganywa na damu.

Jibu la Ofisi lilikuja haraka. Sauti ilikuwa ya Daktari Ferrante, mwanamke mwenye maneno machache: "Toka leo. Ukianza sindano za interferoni sasa, karibu uhakika kirusi kitatoka. Ukichelewa, sina ahadi."

Kisha ikaja sauti ya Garrick, mkuu wake. "Ukianza dawa, Haddrell ataiona kwenye damu yako wiki hiyohiyo. Na bado hatujui mnunuzi ni nani wala damu inatokaje nchini. Uamuzi ni wako, Mdiria. Sikulazimishi."

Sikulazimishi! Neno tamu la wakubwa.

Lusia alifikiria mapaja yake. Kwao Samoa, mwanamke akilala chini ya fundi wa tatau, michoro ya jadi ya mapajani, hainuki mpaka kazi iishe. Shangazi zake walimshika miguu wakimwimbia, nyundo ikigonga, damu ikifutwa, naye hakulia hata chozi. Anayeinuka katikati, michoro yake ikiwa nusu, anaibeba aibu hiyo mwilini mpaka kaburini, na ukoo wake wote unaibeba naye. Mama yake alimsifu siku ile kwa kila aliyepita kanisani. *Hakulia. Huyu mtoto hajui kulia.*

"Nimeshachorwa nusu, mkuu," alijibu. "Namalizia."

*

Kiyoyozi cha Transit kilikufa baada ya mji wa Mittagong.

Redio ilisema nyuzi arobaini na tatu kivulini, na humo ndani hamkuwa na kivuli cha maana. Mbele, nyuma ya wavu wa chuma, Noel Stubbs alikuwa anatokwa jasho shingoni kama mtu anayelia kwa mgongo. Kwenye kiti cha pembeni yake kulikuwa na kisanduku cheupe cha povu. Ndani yake, vichupa vya damu: ya Shae na ya Lusia, imetolewa asubuhi.

Lusia alikuwa akikitazama kisanduku hicho tangu walipoondoka.

Ferrante alimfundisha kitu kimoja kabla hajaingia gerezani, na kilikuwa kitu kidogo tu. Askari wa damu wanaotafutwa ni viumbe hai. Wanataka joto la kawaida la chumba mpaka wafike kwa fundi, ndipo wagandishwe kwa utaratibu maalumu. Ukiwatupa kwenye barafu hivihivi, umewazika.

"Stubbsy," aliita.

"Nakusikia, mrembo."

"Hiyo damu si itachemka?"

"Hata mimi nafikiria hilohilo." Stubbs alikigusa kisanduku. "Lo! Moto kama pai iliyotoka jikoni. Daktari alisema isiguswe, ikae tu na kiyoyozi. Kiyoyozi kiko wapi?"

"Mpigie."

"Nimepiga. Hakuna mtandao. Yuko mbele na ile Range Rover yake, anapuliziwa baridi kama samaki wa dukani."

"Ikiharibika atamlaumu nani?"

Stubbs alikitazama tena kisanduku. Alijua atamlaumu nani.

"Wewe mtoto wa nchi hii," Lusia aliendelea kwa sauti ya kivivu. "Samaki ukimvua unamweka wapi?"

"Kwenye barafu."

"Soseji?"

"Kwenye barafu."

"Bia?"

"Mama, nina dazani ya bia hapo chini ya kiti kwenye sanduku la barafu, zinalia jina langu."

"Basi."

Hakuhitaji kusema zaidi. Katika nchi ile hakuna mwanamume aliyelelewa vizuri anayeacha kitu kioze juani huku sanduku lake la barafu liko wazi. Ingekuwa kama kumwona mtoto anazama ukapita. Stubbs aliegesha pembeni, akatoa bia mbili kupunguza msongamano, akavilaza vichupa juu ya barafu, akavifunika kwa barafu nyingine kwa upendo wote, akafunga kifuniko.

"Akili hiyo," alisema, akaifungua bia moja.

"Akili hiyo," Lusia aliitikia.

Sikioni, Garrick alicheka kwa pua. Ni mara chache sana anacheka.

*

Ziwa George, miaka ile ya ukame, lilikuwa ziwa kwa jina. Kondoo walilisha ndani yake. Transit liliacha lami, likapita lango la mkulima, likashuka hadi kwenye tope lililokauka na kupasuka vipande vipande, na hapo, katikati ya ziwa lisilo na maji, ndege ya Beechcraft King Air ilikuwa imesimama tayari, pua yake ikielekezwa kwenye upepo.

Moshi ulifunika vilima. Jua lilikuwa jekundu saa nane mchana.

"Kiota kwa Mdiria," sauti ilisema. "Tumekupata. Lakini rubani haoni kitu, anazunguka moshi. Robo saa, labda zaidi. Isiruke hiyo ndege. Narudia, isiruke."

Lusia alikohoa.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Stubbs aliwafungua mnyororo wa bomba, pingu akaziacha mikononi. Lusia alikanyaga chini, akajikwaa, akapiga magoti.

"Kamba ya kiatu," alisema.

"Fanya haraka, mrembo. Nasikitika kwa haya yote. Mimi dereva tu."

"Najua, Stubbsy. Wote ni madereva tu."

Alichukua muda na kamba ile. Aliposimama, ufunguo ulikuwa ndani ya kiganja chake.

Kando ya ndege kulikuwa na meza ya kukunja. Juu yake hadubini. Pembeni yake pipa la fedha la naitrojeni ya kugandishia, linatoa mvuke mweupe shingoni. Nyuma ya meza alisimama mtu mrefu, suti ya kitani, viatu vya ngozi laini, na uvimbe kwapani ambao Lusia aliutambua mara moja kuwa bastola. Walther. Huyu ndiye mnunuzi. Haddrell alimwita Bwana Ostrander, akimwinamia kama mhudumu wa hoteli.

"Kila safari ni utaratibu uleule," Ostrander alisema. "Natazama kwanza. Leta."

Stubbs alilileta sanduku la barafu kwa fahari. Alilifungua.

Haddrell aligeuka mweupe.

"Nini hiki?"

"Barafu, daktari. Kiyoyozi kilikufa. Nikaona..."

"Nani alikutuma uone?"

Kofi lilisikika hadi kwa kondoo. Kofia ya Stubbs ilianguka kwenye tope. Ostrander hakuinua hata nyusi. Alichukua tone kutoka kwenye kichupa, akalitenga kwa mashine ndogo iliyolia kama nyuki, akachanganya na dawa ya buluu, akainama kwenye hadubini. Dawa ile ina tabia moja. Seli iliyo hai huikataa. Maiti huinywa.

Alitazama kwa muda. Akatazama kichupa kingine. Na kingine.

"Buluu," alisema. "Zote buluu. Umeniita kutoka upande wa pili wa dunia nije kununua makaburi?"

"Nitatoa nyingine! Wako hapa wote wawili!"

"Sina siku nzima."

"Basi wachukue wenyewe," Haddrell alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Walewale! Damu mbichi kila asubuhi, huko kwako, hakuna anayeuliza. Huyu mwenye mimba anapona. Umeona vipimo vyake, kirusi kinashuka kila wiki. Na huyu mwingine haponi. Wino mmoja, siku moja, chumba kimoja. Tofauti yao ndiyo mali."

Maneno yale yalimfikia Lusia taratibu.

"Nani haponi?" aliuliza.

Haddrell alimgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alimtazama kama mtu anavyomtazama mtu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ulidhani una nguvu, siyo? Mwenzako anatapika, amegeuka njano, wewe umekaa tu unafagia. Mama, kule kutapika ndiko kupona. Askari wake wameamka, wanavunja nyumba nzima kumtoa mwizi. Wako wamelala fofofo. Mwizi amevua viatu, anakula chakula chako." Alitabasamu. "Mwili mtulivu sana. Sijapata kuona."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wahenga walishasema. Lusia alisimama pale na pingu zake, na kilichomjia kilikuwa hofu. Hofu kabisa, si nyingine. Alikuwa amesahau inavyofanana.

"Dada Lu?" Shae alisema.

"Mdiria," Garrick alisema sikioni. "Nimesikia. Sahau hilo sasa. Dakika tano. Mdiria?"

Sahau hilo sasa.

"Wapakieni," Ostrander alisema.

Kufuli ya pingu ililia *tik*, sauti ndogo ya ufunguo uliopata tundu.

Lusia hakukimbia. Alipiga hatua moja kuelekea mezani kama aliyekubali yaishe, akaliinua goti, akalisukuma pipa la fedha kwa soli ya Dunlop Volley.

Naitrojeni ilimwagika juu ya viatu vya ngozi laini.

Ostrander alipiga yowe. Ukungu mweupe uliruka kutoka kwenye tope la moto, ukafunika meza, ukafunika watu. Ndani ya ukungu ule pingu za Smith & Wesson, sasa zikiwa zimening'inia upande mmoja, zilimpata Ostrander chini ya taya. Alianguka na hadubini yake. Mkono wa Lusia uliingia kwenye koti la kitani ukatoka na Walther.

Propela ya kushoto ilikuwa imeanza kuzunguka.

Alipiga magoti. Risasi moja. Tairi la mbele lilipasuka, pua ya King Air ikainama kwenye tope, propela ikakata ardhi, ikapinda, ikazima. Rubani alitokeza mikono yote miwili dirishani kabla hajaambiwa.

"Tupa hiyo!"

Ukungu ulipokuwa unatawanyika, Haddrell alionekana. Alikuwa nyuma ya Shae, mkono mmoja umemzunguka juu ya tumbo, mwingine umeshika kisu cha upasuaji kwenye shingo ya njano.

"Tupa! Nitamkata, unasikia? Wote wawili nitawakata, yeye na aliyemo!"

Lusia alikuwa amemlenga. Lakini kilichoonekana ni jicho moja na nusu ya sikio.

"Shae," alisema. "Mtoto anacheza?"

"Dada... nasikia kutapika."

"Usijizuie, mdogo wangu."

Shae hakujizuia.

Ilitoka kwa nguvu zote za mwili uliokuwa vitani wiki nzima. Aliinamisha kichwa pembeni, ikamwagika kwenye mkono wa daktari, kwenye kisu, kwenye shati lake la bei mbaya. Na Corwin Haddrell, ambaye aliwatia wanawake kirusi bila kukunja uso, alipiga ukelele wa kinyaa, akaruka nyuma, akauinua mkono wake juu kama ulioungua.

Nafasi hiyo ilitosha.

Risasi ilimwingia begani. Kisu kiliruka. Alikaa chini kwenye tope, akautazama mkono wake mchafu, si bega.

"Ina kirusi?" aliuliza. "Matapishi... nina mchubuko hapa... ina kirusi?"

"Wewe ndiye daktari," Lusia alimwambia.

Alimkokota Shae mbali, akamkalisha kivulini chini ya bawa la ndege, akamshika mkono. Stubbs alikuwa bado amesimama palepale, kofia miguuni, alama ya vidole shavuni.

"Alisema ni kinga," alisema. "Kile kichupa cha wino. Alisema kina dawa ya kuua wadudu, kwa usalama wao. Niliwapelekea mwenyewe. Mimi nilidhani nawasaidia."

Shae aligeuzia uso upande wa pili.

Helikopta ilitoka kwenye moshi, imechelewa kama kawaida ya helikopta.

"Mdiria, Kiota. Hali?"

"Ndege haikuruka," Lusia alisema, sasa kwa sauti. "Mnunuzi mzima, daktari mzima. Leteni mkunga."

"Na wewe?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la siku zote. *Mzima.* Safari hii halikutoka.

*

Mwezi wa Mei mvua ilinyesha Sydney, na Daktari Ferrante aliwaita wote wawili siku moja.

Shae aliingia kwanza. Alitoka na mtoto amemfunga kifuani, wa kike, mwenye sauti ya kuuza magazeti. Macho ya mama yalikuwa meupe. Kirusi kilikuwa kimetoweka kwenye damu yake, wapimaji wamerudia na kurudia, hakipo. Mtoto naye walimpima, na watampima tena, lakini hadi siku ile alikuwa safi.

"Dada Lu! Nimepona! Bila hata kidonge!" Alimkumbatia, mtoto akipiga kelele katikati yao. "Na wewe utaambiwa hivyohivyo. Wewe ndiye mwenye nguvu."

"Nenda kamnyonyeshe huyo kabla hajaleta polisi."

Lusia aliingia.

Ferrante hakuzunguka. "Bado kipo. Kingi kuliko mwanzo."

"Ningetoka siku ile uliyoniambia?"

"Unataka jibu?"

"Ndiyo."

"Karibu uhakika kingekuwa kimetoka." Aliweka kisanduku mezani. "Sindano moja kila wiki, mwaka mzima hivi. Humo ndani mna interferoni, ile kengele ambayo mwili wako haukuipiga. Tutaipiga sisi. Usiku wa kwanza utatetemeka kama mwenye malaria. Nywele zitapukutika. Utakasirika, utalia bila sababu. Baadhi ya watu wangu wamefikiria kujiua, kwa hiyo sitaki ukae peke yako. Na huenda isifanye kazi. Una mtu?"

Lusia alivaa miwani yake ya Ray-Ban.

"Nina kazi," alisema.

"Nimeuliza mtu."

Nje ya mlango Garrick alikuwa akimngoja, kofia mkononi, na kando ya mguu wake sanduku la barafu la buluu, kuukuu, lenye stika ya timu ya raga.

"La Stubbs," alisema. "Amekiri, ametoa ushahidi, akaomba upewe. Anasema dawa yako inataka ubaridi na safari ya kwako ni ndefu." Alikohoa. "Haddrell atazeekea ndani. Umefanya kazi safi, Mdiria."

"Haikubaki nusu, mkuu."

"Hapana. Haikubaki nusu."

Alilaza sindano zake juu ya barafu, akazifunika vizuri. Kilichowaua askari wa damu yake njiani ndicho kitakachoilinda dawa yake mpaka nyumbani. Akafunga kifuniko. Akalinyanyua sanduku, akavuka uwanja wa kuegeshea magari ndani ya mvua bila kuharakisha, mgongo umenyooka, na Garrick aliyekuwa akimtazama kutoka mlangoni aliona kile alichokiona siku zote. Mwanamke mtulivu anaondoka.

Ndani ya gari lake la Commodore, milango ikiwa imefungwa, Lusia aliitoa Nokia akapiga namba ya nyumbani kwa mama yake, Mount Druitt.

"Lusia?" Mama yake alishtuka. "Mchana huu? Nani kafariki?"

"Hakuna, mama."

"Sasa nini? Mbona hunipigiagi mchana?"

Mvua ilipiga juu ya paa la gari.

"Mama, naumwa," alisema. "Naumwa sana, na naogopa. Nakuja nyumbani."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu shangazi zake walipomshika miguu, akalia kwa sauti.